Ufizi unaotoka damu na jino linalocheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ishara za kinga katika ugonjwa wa fizi

Maswali haya yanatoka kwa watu tunaozungumza nao Kiswahili hapa Uganda: madereva wa malori wa Malaba na Busia, wafanyabiashara wa Arua, wakimbizi wa Nakivale na Kyangwali, askari na familia zao. Wengi wanaanza na imani moja, kwamba jino likilegea basi limeoza. Mara nyingi halikuoza hata kidogo. Tunang'oa jino zima, jeupe, lisilo na tundu, ambalo limepoteza mfupa uliokuwa umeshika mizizi yake. Mfupa huo uliyeyushwa kwa amri zilizotoka ndani ya mwili wenyewe, na anayeelewa amri hizo ana nafasi nzuri zaidi ya kuyaokoa meno yake.

Ufizi wangu unatoka damu nikipiga mswaki, lakini hauumi. Niache tu?

Usiache. Ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa na mswaki. Damu ikionekana, ujue mishipa midogo imetanuka na kuta zake zinavuja, na ngozi nyembamba iliyo kati ya ufizi na jino imeanza kuchanika. Kutokuuma ndiko kunakowaponza watu. Ugonjwa huu unaweza kula mfupa kwa miaka mingi kimyakimya, na maumivu yakaja tu siku usaha unapokosa pa kutokea au jino linapoanza kucheza ukitafuna.

Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo, wakidhani wanapaumiza. Hapo ndipo panapohitaji mswaki kuliko kwingine: mswaki laini, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Hatua hiyo ya kwanza, jinjivaitisi, inapona kabisa. Hatua ya pili, periodontaitisi, ni pale mfupa unapoanza kuliwa, na mfupa ukishaondoka haurudi kirahisi.

Hizo ishara za kinga ni kitu gani?

Ni protini ndogo sana ambazo seli moja huzitoa ili kuiambia seli nyingine la kufanya. Kwa jina la jumla huitwa saitokini. Seli inayopokea ina kipokezi juu ya ngozi yake. Saitokini ikikaa pale, seli inabadilika: inahama, inazaana, inatengeneza sumu ya kuua vijidudu, au inatoa saitokini zake yenyewe na kusambaza habari zaidi. Kiasi kidogo mno kinatosha. Ndani yake kuna jamii kadhaa: intalukini, ambazo zimepewa namba, kemokini, ambazo kazi yake ni kuita seli zije mahali fulani, na TNF, ambayo ni miongoni mwa zile kali zaidi.

Bila saitokini mtu hawezi kuishi. Kidonda kisingefunga, na kikohozi cha kawaida kingeua. Kasoro iko kwenye ishara inayotakiwa kuzima ikakataa kuzima.

Kwa hiyo ni bakteria au ni mwili wangu unaokula mfupa?

Bakteria wanaanzisha. Mwili wako ndio unaoyeyusha.

Swali hili lilisumbua wataalamu kwa muda mrefu, maana zamani iliaminika kwamba uchafu wa meno ndio unaouchimba mfupa moja kwa moja. Mwaka 1972 watafiti nchini Marekani walichukua chembe nyeupe za damu ya binadamu, wakazichokoza kwa ukoga wa meno, kisha wakayachukua yale majimaji zilizoyatoa na kuyaweka kwenye mfupa maabarani. Mfupa ukaanza kuyeyuka. Mwaka 1985 ilibainika kwamba kiungo kikuu ndani ya majimaji yale ni intalukini-1 beta, saitokini ambayo kila mmoja wetu huitengeneza.

Fikiria askari walioitwa kumkamata mwizi nyumbani kwako: mwizi amejificha ukutani wasipoweza kumfikia, nao wanaendelea kubomoa ukuta mwaka hadi mwaka.

Nieleze hatua kwa hatua: nini kinatokea ndani ya ufizi?

Naomba uvumilivu hapa, kwa sababu ndipo kiini cha jambo lote kilipo.

Ukoga ukikaa, seli za ngozi ya ufizi ndizo zinazotambua kwanza. Zina vipokezi vinavyozijua sehemu za kuta za bakteria. Zinatoa intalukini-8, ambayo ni kemokini, na harufu yake ya kikemikali inaziita neutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia kwenye kila pambano. Hata mdomo mzima kabisa una neutrofili zinazopita kwenye ufizi kila wakati. Hiyo ni doria ya kawaida.

Ukoga ukizidi, makrofaji, chembe nyeupe kubwa zinazomeza vijidudu, zinaingia na kutoa intalukini-1 beta na TNF. Hizi mbili zinatanua mishipa ya damu na kuifanya inate, ili chembe nyingi zaidi zishuke. Ndipo ufizi unapokuwa mwekundu na kuvimba. Intalukini-6 nayo inaingia kwenye damu na kuliambia ini litengeneze protini za dharura, ndiyo maana mgonjwa mwenye fizi mbovu sana anaweza kuwa na vipimo vya damu vinavyoonyesha mchochota mwilini, yaani kinga iliyowaka na kuleta uvimbe, ingawa hana homa. Prostaglandini E2, ambayo si saitokini bali ni mafuta yaliyogeuzwa kuwa ishara, inaongeza uvimbe na kusukuma uyeyushaji wa mfupa.

Neutrofili zikifika kwa wingi zinamwaga vimeng'enya. Kimoja kinaitwa MMP-8, na kinakata kolajeni, nyuzi zile zinazofunga jino kwenye mfupa. Ufizi unabanduka kutoka kwenye jino na kuacha mfuko. Kwenye mfuko huo bakteria wasiopenda hewa wanapata makao mazuri zaidi kuliko waliyokuwa nayo mwanzo.

Halafu zinakuja limfosaiti, chembe zenye kumbukumbu. Baadhi yake hutoa intalukini-17, ambayo inaita neutrofili nyingine tena, na nyingi hubeba ishara iitwayo RANKL. Hii ndiyo amri yenyewe ya kula mfupa. RANKL ikikaa kwenye kipokezi chake juu ya seli changa za mfupa, seli hizo zinaungana kuwa osteoklasti, seli kubwa yenye viini vingi, inayojibandika kwenye mfupa na kumwaga asidi. Mwili una breki ya kuzuia hilo: protini iitwayo OPG, inayoinasa RANKL kabla haijafika. Kwa mtu mwenye fizi nzima, viwili hivyo vinalingana. Mchochota ukidumu, RANKL inapanda, OPG inashuka, na taya linapungua milimita kwa milimita.

Zipo pia saitokini za kutuliza, kama intalukini-10 na TGF-beta. Zinajaribu. Lakini hazina nguvu ya kushinda kama kinachochokoza bado kimekaa pale pale.

Mbona pambano haliishi? Kidonda cha mguu kinapona, kwa nini ufizi haupone?

Kwa sababu adui hayumo ndani ya mwili. Amejibandika juu ya jino, nje, kwenye kitu kigumu kisicho na damu, chini ya utando wake mwenyewe. Chembe nyeupe zinafika mlangoni na kufia hapo.

Na wapo bakteria wanaonufaika na vurugu hii. Anayejulikana zaidi ni Porphyromonas gingivalis. Vimeng'enya vyake vinaikata intalukini-8, hivyo askari wanaitwa kwa fujo na bila mpangilio, huku yeye akila chuma kinachotoka kwenye damu na vipande vya kolajeni iliyokatwa. Mwaka 2011 yalichapishwa majaribio ya panya yaliyoonyesha jambo la kushangaza: bakteria huyu akiwa wachache tu kati ya bakteria wa kawaida wa mdomoni, mfupa ulipotea, akiwekwa peke yake kwa panya wasio na bakteria wengine, mfupa haukupotea. Anachofanya ni kuwageuza majirani wakorofi. Kwa maneno mengine, mchochota unawalisha bakteria na bakteria wanauchochea mchochota.

Kaka yangu hapigi mswaki ipasavyo lakini ana meno yote. Mimi ninajitahidi na yangu yanalegea. Ni haki hiyo?

Si haki, lakini ni kweli. Ushahidi bora unatoka Sri Lanka, ambako wafanyakazi wa mashamba ya chai 480, wanaume wasiotumia miswaki wala kupata huduma ya meno, walifuatiliwa kuanzia 1970 hadi 1985. Wote walikuwa na ukoga mwingi na fizi zilizovimba. Asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakupita hatua ya uvimbe wa ufizi. Uchafu ulikuwa karibu ule ule. Majibu ya kinga yalitofautiana.

Tofauti hiyo inatokana na urithi kwa sehemu, na kwa sehemu inatokana na mambo tunayoweza kuyagusa: tumbaku, kisukari kisichodhibitiwa, msongo wa mawazo wa muda mrefu. Kama wazazi wako walipoteza meno mapema, chukulia kwamba saitokini zako ni za hasira, na upunguze kinachozichokoza. Usimlaumu mtu mwenye meno yaliyolegea kuwa ni mchafu. Nimeona akina mama waliokaa miaka wakificha mdomo kwa mkono kwa sababu ya aibu ambayo hawakuistahili.

Nina kisukari. Kuna uhusiano?

Mkubwa, na unakwenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu inajishika kwenye protini za mwili, na protini hizo zilizoharibika zinazichochea makrofaji kutoa intalukini-1 beta na TNF zaidi ya kawaida. Upande wa pili, TNF na intalukini-6 zinazotoka kwenye fizi na kuingia kwenye damu zinaifanya insulini isisikike vizuri, na sukari inapanda.

Habari njema ni kwamba kutibu fizi kunasaidia sukari. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuta kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kadhaa, kikishuka kwa takriban pointi 0.43 za asilimia miezi mitatu hadi minne baada ya matibabu ya fizi. Si mbadala wa dawa zako, lakini ni faida inayoonekana. Kila unapohudhuria kliniki ya kisukari, uliza kuhusu kinywa chako, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Ninaishi na VVU na ufizi wangu unanuka na kufa pembeni. Ni ugonjwa huu huu?

Huenda ni aina yake kali, ambapo ncha za ufizi kati ya meno zinakufa, zinauma sana na kunuka. Hii haingoji. Nenda kituoni leo, si wiki ijayo. Inatibika kwa kusafishwa, dawa za bakteria na dawa ya kusukutua, na ni ishara kwamba kinga yako inahitaji kuangaliwa upya na wanaokupa ARV. Njaa na uchovu mkubwa pia huileta, hata kwa asiye na VVU.

Nina mimba na fizi zimevimba. Musawo aliniambia ningoje nijifungue.

Huna haja ya kungoja. Homoni za ujauzito zinaufanya ufizi uitikie ukoga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo uchafu mdogo unaleta uvimbe mkubwa. Kusafishwa meno ni salama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wanawake 823 nchini Marekani waligawanywa, wengine wakatibiwa fizi wakiwa wajawazito na wengine baada ya kujifungua. Matibabu hayakumdhuru mama wala mtoto, na fizi zilipata nafuu. Hayakupunguza kuzaa kabla ya wakati, ingawa wengi walitarajia hivyo, kwa sababu mchochota wa fizi unahusishwa na uchungu wa mapema. Nalisema hili wazi kwa kuwa akina mama wameshatishwa vya kutosha: tibu fizi kwa ajili ya fizi zako.

Bibi anasema homa ya mtoto imetokana na "ebinyo", yale yanayoitwa meno ya uongo, na anataka yachokolewe kwenye ufizi. Je, ufizi wake nao unatoa hizo saitokini?

Homa ya mtoto inaletwa na saitokini kweli, zikiwemo intalukini-1 na intalukini-6 zinazofika kwenye ubongo. Lakini zinatoka kwenye malaria, kuhara, nimonia au maambukizi mengine, hazitoki kwenye ule uvimbe mweupe wa jino la chonge ambalo halijachomoza. Kinachochokolewa pale ni kichipukizi cha jino lenye uhai. Watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa kuoza kwa kidonda, na wengine wamekufa kwa sababu ugonjwa wenyewe ulicheleweshwa. Bibi anampenda mjukuu wake, kwa hiyo nenda naye kituoni, asikie mwenyewe kutoka kwa mhudumu, na mtoto apimwe malaria.

Nikinunua amoksisilini au Flagyl duka la dawa, si itaisha?

Uvimbe unaweza kushuka kwa siku chache, kisha ukarudi. Dawa hazipenyi vizuri kwenye utando wa bakteria uliojishika kwenye mzizi. Zina nafasi yake pamoja na usafishaji, mhudumu akiona zinahitajika. Zikitumiwa peke yake mara kwa mara, unachofuga ni bakteria sugu.

Basi si nimeze dawa ya kuzuia uvimbe?

Ibuprofeni na diklofenaki zinazuia prostaglandini, na hilo lilijaribiwa. Miaka ya 1980 dawa ya jamii hiyo, flabiprofeni, ilipunguza kasi ya kupotea kwa mfupa. Ila kinga hiyo haidumu dawa ikiachwa, na kuzimeza kwa miaka kunaharibu tumbo na figo. Haitumiki hivyo.

Na sindano za kisasa zinazozuia saitokini moja kwa moja?

Zipo, na zinatumika kwa magonjwa kama baridi yabisi ya viungo. Kwa upande wa fizi kuna kisa kimoja kilichofungua macho ya wengi. Wapo watu wanaozaliwa na neutrofili zisizoweza kutoka kwenye damu, na wanapoteza meno wakiwa wadogo. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walieleza kuhusu mgonjwa mmoja wa aina hiyo waliyempa dawa inayozuia intalukini-12 na intalukini-23, ishara inayochochea intalukini-17. Uvimbe wa fizi zake ulishuka sana, na kidonda chake sugu kikapona. Kisa hicho kimeonyesha wazi kwamba ishara ikizimwa, uharibifu unapungua.

Lakini kwa fizi za kawaida sindano hizi si tiba. Zina bei kubwa, na zile zinazozuia TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, huo ni mzigo usiolingana na faida.

Wanasema ukisafishwa meno yanalegea zaidi.

Hapana. Ukoga mgumu ulikuwa umeyagandisha meno ambayo tayari yamepoteza mfupa, na ufizi uliovimba ulikuwa umeficha mapengo. Vikiondoka unaona hali halisi. Baada ya wiki kadhaa ufizi unakaza na meno mengi huimarika.

Mswaki wa mti, chumvi, mkaa?

Mti ni mzuri ukifika ukingoni mwa ufizi na ndani upande wa ulimi, ambako wengi hawafiki. Maji ya chumvi yanatuliza, hayafiki ndani ya mfuko. Mkaa unakwaruza, uache.

Navuta sigara na ufizi wangu hautoki damu. Niko salama?

Tumbaku inabana mishipa, kwa hiyo damu haionekani huku mfupa ukiendelea kuliwa. Mvutaji asitumie damu kama kipimo.

Natumia fenitoini ya kifafa na ufizi umekua hadi kufunika meno.

Hiyo ni athari inayojulikana ya fenitoini, na hata baadhi ya dawa za presha kama nifedipini. Usiache dawa kwa uamuzi wako, kifafa kinaua. Mwambie anayekuandikia, aangalie kama inaweza kubadilishwa, na usafi wa mdomo uongezwe, kwa sababu ukoga unauzidisha ukuaji huo.

Kuna kipimo cha saitokini ninachoweza kufanya?

Watafiti huzipima kwenye majimaji ya ufizi na mate. Wewe unahitaji kitu rahisi zaidi: kijiti chembamba chenye alama za milimita. Mhudumu anakiingiza kati ya ufizi na jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni sawa. Kuanzia 4 kwenda juu kuna mfuko unaohitaji kazi. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliobaki.

Niende wapi hapa Uganda, na niombe nini?

Anza na kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali ya wilaya, uulize kama mhudumu wa meno yupo na siku zake. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Mbarara na Mbale, zina vitengo vya meno, na Mulago jijini Kampala ndiyo rufaa ya taifa. Ada za matibabu ziliondolewa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa vitengo vya kulipia, ingawa vifaa huweza kukosekana.

Kilicho rahisi kupatikana ni kung'olewa, na mtu akija jino likicheza sana mara nyingi hilo ndilo linalobaki. Kwa hiyo nenda mapema, wakati ni damu tu, na useme maneno haya: "Naomba fizi zangu zipimwe na meno yasafishwe chini ya ufizi." Ukiambiwa pale hakuna kifaa, omba barua ya rufaa. Baada ya kusafishwa, rudi baada ya miezi mitatu upimwe tena kwa kile kijiti, kwa sababu bakteria hurudi kwenye mifuko ndani ya wiki chache kama hapasafishwi vizuri nyumbani. Namba zikiwa zimeshuka na damu imekoma, unaweza kurudi kila miezi sita.